Usiuziwe Mbuzi Kwenye Gunia: Kutafuta Unix ya Bei Nafuu Kasese na Bwera

Mwaka jana kijana mmoja wa Bwera, fundi wa simu, alinipigia akitaka ushauri. "Mzee, leseni ya Unix inakwenda bei gani siku hizi?" Alikuwa ameingia duka moja la kompyuta mjini Kasese, magharibi mwa Uganda, akaambiwa ipo ya bei rahisi, shilingi laki moja na nusu, inadumu mwaka mzima. Alichotaka kwangu ni kujua ashushe bei hadi wapi. Nikamwomba anisomee kilichoandikwa kwenye kifuniko cha diski. Akasoma herufi kwa herufi: Ubuntu.

Nilicheka, kisha nikajionea haya. Swali lake lilikuwa la haki kabisa, ila lilichelewa miaka thelathini hivi. Ubuntu ni aina mojawapo ya Linux, nayo haina leseni ya kununua. Ukiitaka unaichukua, unaiweka kwenye kompyuta moja au mia, unamnakilia jirani, na hakuna anayekuja kugonga mlango mwaka ukiisha. Kama na wewe uko njiani kwenda dukani na hela mfukoni, kaa kidogo tuongee. Huenda hela hiyo ukaitumia, lakini kwa kitu kingine.

Kwanza ujue swali hilo lilitoka wapi. Unix, mfumo wa kuendesha kompyuta, ilizaliwa mwaka 1969 katika maabara za Bell huko Marekani, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie. Mali ilikuwa ya AT&T, kampuni ya simu, ambayo mwaka 1956 ilikubaliana na serikali yake kutofanya biashara nje ya mambo ya simu. Kwa kuwa haikuruhusiwa kuiuza Unix kama bidhaa ya kawaida, AT&T iliwagawia vyuo vikuu kwa ada ndogo, na makampuni kwa ada ya kutisha. Mtu mwenye kompyuta ndogo mezani kwake alibaki nje ya ua akichungulia.

Wengi walijaribu kumfungulia huyo wa nje. Microsoft, ndiyo, hiyohiyo ya Windows, ilitangaza Unix yake iliyoitwa Xenix mwaka 1980. Mwaka 1987 Andrew Tanenbaum, mwalimu wa chuo kikuu Amsterdam, alitoa Minix pamoja na kitabu cha kufundishia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Mark Williams iliuza Coherent, mfumo wa sura ya Unix kwa kompyuta ndogo, kwa dola 99, na watu wakaona wameokota dodo. Kampuni ya BSDi nayo ikauza yake kwa dola 995, bei iliyosifiwa kuwa ya kutupa. Hapo ndipo AT&T, kupitia kampuni yake tanzu ya Unix, ilipoishitaki BSDi mwaka 1992. Kesi ilimalizwa kwa maelewano mwaka 1994, lakini wakati mawakili wanavutana, Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, alikuwa ameshatoa Linux mwaka 1991 na mwaka uliofuata akaiweka chini ya leseni ya GPL, inayomruhusu kila mtu kutumia, kubadilisha na kugawa. Mifumo mingine ya bure, FreeBSD na NetBSD, ikafuata mwaka 1993. Soko la leseni za bei nafuu kwa kompyuta ndogo likafa hapo, kwa sababu nafuu kuliko bure haipo.

Kwa hiyo mtu akikwambia anauza Unix, muulize ipi. Jina lenyewe ni alama ya biashara ya The Open Group, na mfumo hauruhusiwi kuitwa UNIX kwa herufi kubwa mpaka upimwe na kupewa cheti. macOS ya Apple inacho cheti hicho, lakini inakuja ndani ya kompyuta za Apple. AIX ni ya mashine za IBM Power, ambazo hutazikuta zimepangwa kwenye turubai sokoni Mpondwe, mpakani na Congo. OpenServer, mjukuu wa zile Xenix za zamani, bado inauzwa na kampuni ya Xinuos kwa wenye programu kongwe za biashara wasioweza kuziacha. Kama huna programu ya namna hiyo, pita. Linux haijatoka kwenye msimbo wa Unix, ila imejengwa kwa ramani ileile, amri zilezile, na aliyefundishwa moja anaifanyia kazi nyingine. Ukitaka damu yenyewe, ndugu wa ukoo ni FreeBSD, NetBSD na OpenBSD, nazo ni bure.

Sasa tuje kwenye mashine, maana hapo ndipo hela inapopotea.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10. Kompyuta nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11: inadai kichakato cha miaka ya karibuni na kidude cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Ndiyo maana ukizunguka maduka ya mtumba utaonyeshwa laptopu nzuri, ngumu, za ofisi za Ulaya, zimepangwa kama mkate, na muuzaji atakwambia "ina Windows 11 tayari." Mara nyingi imelazimishwa, na leseni yake imechakachuliwa. Wewe hilo lisikutishe. Mashine ya namna hiyo, ukiiwekea Linux, ina miaka kadhaa ya kazi mbele yake. Tena itumie kama hoja ya kushusha bei: mwambie wazi kwamba Windows yake hauihitaji, akutolee gharama hiyo.

Usiende mikono mitupu. Nenda na flashi yenye Linux inayowaka yenyewe bila kusimikwa. Nitaeleza punde namna ya kuitengeneza. Chomeka flashi, washa mashine huku ukigonga F12 kama ni Dell au Lenovo, F9 kama ni HP, chagua flashi, subiri. Ikikuomba nenosiri kabla hata ya kuwaka, na muuzaji hana, iache palepale. Nenosiri la namna hiyo limekaa ndani ya ubao wa mashine, na huenda mwenyewe wa kwanza hakuiuza kwa hiari.

Ikishawaka, fungua dirisha la amri. Usiogope, ni amri tatu tu. Andika "lscpu" na utazame mstari unaotaja biti: ukiona 32 na 64 pamoja, uko salama, ukiona 32 peke yake, mashine ni mzee sana na chaguo zako ni chache. Debian, mama wa mifumo mingi ikiwemo Ubuntu, ilitoa toleo la 13 Agosti 2025 bila kisimikio cha biti 32, kwa hiyo mashine kama hizo zibaki na Debian 12, au uzipe NetBSD, ambayo haibagui wazee. Halafu andika "free -h" uone RAM ya kweli, si ile iliyobandikwa kwa karatasi. Mwisho andika "upower -d" utafute neno "capacity". Hiyo ni afya ya betri ukilinganisha na siku ilipotoka kiwandani. Niliwahi kuona duka moja ambalo muuzaji aliapa betri inakaa saa nne. Skrini ikasema asilimia 31. Tulitazamana, hakusema kitu, akapunguza bei mwenyewe.

Kabla hujaondoka kwenye kaunta: washa wai-fai, cheza sauti, bonyeza kila kitufe cha kibodi, fungua programu ya Disks utazame kama diski inalalamika kuwa na sehemu mbovu. Wai-fai ikikataa usiikatae mashine haraka. Laptopu nyingi zenye kadi za Broadcom hukataa siku ya kwanza mpaka ziongezewe faili moja kutoka intaneti. Chomeka simu yako kwa waya wa USB, washa kushiriki mtandao, Linux itaiona simu kama kadi ya mtandao, na faili litashuka.

Kuhusu ukubwa, mimi nina msimamo. RAM ya GB 2 inatosha kwa Linux nyepesi ya antiX au Debian yenye mazingira mepesi ya LXQt, kwa kuchapa barua na hesabu. GB 4, weka Linux Mint ya Xfce, na ofisi ya kawaida itakwenda. GB 8, weka upendacho. Kinacholemea mashine siku hizi ni kivinjari cha intaneti chenye vichupo ishirini, si mfumo. Kama una akiba kidogo baada ya kununua, usiimalize kwenye RAM kwanza. Nunua diski ya SSD, hata ndogo ya GB 120, utoe ile ya kuzunguka. Mashine ya miaka kumi na miwili itaamka kama kijana.

Kupata mfumo wenyewe sasa. Faili la Debian la kusimika kupitia mtandao halifiki GB 1, lakini litaendelea kupakua wakati wa kusimika. Mint ni karibu GB 3, Ubuntu ya kawaida karibu GB 6. Kwa bando la simu hilo si jambo dogo, kwa hiyo tafuta mtandao wa chuo, wa ofisi ya rafiki, au uombe anayekwenda Kampala akuletee. Kunakili ni halali, hilo ndilo jambo tamu lenyewe: mmoja akipakua, kumi watatumia, na hakuna aliyeibiwa. Ukipakua mwenyewe kwa dirisha la amri tumia "wget -c", ili umeme ukikatika katikati uendelee ulipoishia.

Na kama uko Mpondwe, karibu na mto Lhubiriha, angalia simu yako kwanza. Siku moja nilikaa kwenye kibanda cha chai nikipakua Mint, nikifurahia kasi. Simu ilikuwa imekamata mnara wa ng'ambo ya mto, na salio langu lote likaenda Congo bila pasipoti. Zima roming ya data kabla hujaagiza chai.

Faili likishafika, lipime. Tovuti ya kila mfumo ina mstari mrefu wa herufi na tarakimu uitwao SHA256. Wewe andika "sha256sum" na jina la faili, ulinganishe herufi sita za mwanzo na sita za mwisho. Zikipishana, faili limeharibika njiani au limechezewa. Futa, anza upya. Ni dakika mbili zinazookoa mchana mzima wa kumtukana fundi asiye na kosa.

Tatizo kubwa zaidi kwetu ni flashi zenyewe. Sokoni utaziona za GB 512, hata za TB 2, kwa bei ya soda chache. Ndani ni GB 8 zilizofundishwa kusema uongo. Kompyuta itaonyesha ukubwa mkubwa, utanakili, itakubali, na zikishajaa zile nane za kweli, kila kinachofuata kinaandikwa hewani. Programu iitwayo F3 iliundwa kwa ajili ya wadanganyifu hawa: "f3write" inaijaza flashi, "f3read" inasoma tena na kukwambia ngapi zimepona. Ukinunua flashi ya ukubwa wa kawaida, GB 16 au 32, uwezekano wa kudanganywa unapungua, maana uongo wa flashi huwa mkubwa. Kuchomea mfumo kwenye flashi tumia balenaEtcher au Rufus ukiwa Windows. Mimi naipendelea Ventoy: unaisimika mara moja, kisha unatupia humo mafaili ya mifumo mitano au sita, na kila ukiwasha unachagua. Kwa fundi anayezunguka kati ya Kasese na Bwera, flashi moja ya Ventoy ni sanduku zima la vifaa.

Labda wewe hutafuti laptopu, unataka kompyuta ndogo kweli, ile ya ukubwa wa kadi ya benki. Raspberry Pi ilianza kuuzwa Februari 2012 kwa dola 35 na imezaa wajukuu wengi tangu hapo. Mfumo wake, Raspberry Pi OS, umetokana na Debian, nao ni bure. Uzuri wake kwa vijiji vya mlimani ambako nguzo za umeme hazijafika ni kwamba inakunywa umeme kidogo sana, na betri ya sola ya volti 12 yenye kishusha volti kizuri cha kufikia volti 5 inaiendesha. Wazo hilo si geni Rwenzori. Mwaka 2005 shirika la Inveneo likishirikiana na ActionAid liliweka vituo vya mawasiliano vinavyotumia Linux na sola katika vijiji vya Bukuuku, karibu na Fort Portal. Hiyo ni miaka saba kabla ya Raspberry Pi.

Ila Pi ina kasoro zake. Inahifadhi kila kitu kwenye kadi ya memori, na umeme ukikatika ghafla kila siku kadi huoza polepole. Tumia SSD ya USB au uiwekee betri ya akiba. Jambo la pili halisemwi sana: modeli nyingi hazina saa inayotembea zikizimwa. Bila intaneti, Pi ikiamka hudhani bado ni siku uliyoizima. Kwa anayetazama filamu si neno. Kwa chama cha kahawa kinachoandika mizigo ya wakulima kwa tarehe, ni fujo: utakuta gunia la Ijumaa limeandikwa Jumanne. Nunua kidude cha saa chenye betri kama kidonge, au ukipe chama Pi 5, ambayo ina saa yake na inahitaji betri tu.

Na shule? Shule isikubali kabisa kulipia leseni kwa kila kompyuta mpaka iwe imejaribu njia hii: mashine kumi za mtumba, Mint au Debian, na moja kati yake ifanywe seva. Kwenye seva weka Kiwix, yenye Wikipedia nzima bila intaneti, ya Kiingereza, Kifaransa na Kiswahili. Weka pia apt-cacher-ng, programu inayohifadhi masasisho: mashine ya kwanza ikiyapakua, tisa zilizobaki zinayachota hapohapo, na bando linaliwa mara moja badala ya mara kumi. Hata kama huna shule, zima masasisho yanayofanyika yenyewe, uyafanye kwa mkono siku uliyo kwenye mtandao wa bei nafuu. Usiyaache kabisa, lakini.

Nisikufiche machungu. QuickBooks na Tally za kusimika kwenye kompyuta hazina toleo la Linux. Kama mhasibu wako anaishi ndani ya hizo, mwachie mashine moja ya Windows yenye leseni halali na hizo nyingine ugeuze. Mafaili ya Excel yenye makro nyingi huweza kugoma ndani ya LibreOffice, kwa hiyo beba yale unayoyatumia kila mwezi kwenye flashi, uyafungue siku ya majaribio, si baada ya kulipa. Mwenye steshenari ya kuchapa na fotokopi aangalie printa kabla ya kitu chochote. Printa nyingi za HP zinatambulika mara moja. Baadhi ya Canon za leza zitakutoa jasho. Chomeka, chapa ukurasa, skani kitambulisho kimoja. Ukurasa ukitoka safi, endelea.

Kwa lugha, usiogope. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilihusika katika mradi wa Kilinux uliotoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004. LibreOffice ilitokana na OpenOffice, na huko huko utakuta Kiswahili. Na hilo neno Ubuntu lisikutishe kama neno la kizungu: ni ndugu wa utu wetu, na Mkonzo anayemwita mtu omundu halikosi.

Kibodi ndiyo iliyonifundisha adabu. Mama mmoja mfanyabiashara kutoka Kasindi, ng'ambo ya mpaka, alinituma nimnunulie laptopu yenye kibodi ya Kifaransa, ile ya AZERTY, maana karani wake amezoea hiyo. Nikasimika haraka haraka, nikasahau kuchagua mpangilio wa Kifaransa, nikampa mama aandike nenosiri lake. Akaandika baraka, kwa kutazama vitufe. Baadaye nikakumbuka, nikarekebisha mpangilio, nikamkabidhi. Kesho yake simu: "Papa, mashini inakataa jina langu la siri." Ilikataa kwa haki. Siku ile ya kwanza kompyuta ilidhani kibodi ni ya Kiingereza, ambako mahali pa A pamekaa Q, kwa hiyo alichohifadhi mama bila kujua kilikuwa bqrqkq. Nilivuka mpaka kwa herufi moja. Wewe chagua mpangilio kwenye ukurasa ule wa mwanzo wa kusimika, uandike herufi kadhaa kwenye kisanduku cha majaribio, ndipo uguse nenosiri. Kama tayari umeingia na unataka kubadilisha kwa muda, "setxkbmap fr" inatosha kwenye Mint.

Tumefika kwenye hela. Kama leseni ni bure, unamlipa fundi nini? Unamlipa kazi, na kazi si bure. Kumtoa Kasese mpaka Bwera, kupita njia panda ya Kikorongo kwa teksi na kurudi, ni siku yake. Kuhamisha picha na barua zako bila kupoteza hata moja ni ujuzi. Kurudi baada ya wiki mbili printa ikizira ni uaminifu, na huo ndio wa bei ghali. Hata GPL yenyewe inaruhusu mtu atoze hela kwa kukuletea nakala. Haimruhusu kukuzuia usiinakili tena. Kwa hiyo usigombane na fundi anayetoza, gombana na anayeandika uongo kwenye risiti. Afadhali elfu hamsini za kazi iliyotajwa kuliko elfu ishirini za "leseni ya mwaka", kwa sababu za kazi unaweza kuzidai.

Kubalianeni kabla hajafungua begi. Anasimika nini, toleo gani, anahamisha mafaili gani, anafundisha watu wangapi kwa saa ngapi, na atarudi mara ngapi bila malipo mapya. Mwambie afanye nakala ya kila kitu kwenye diski ya nje kabla ya kufuta Windows, na wewe mwenyewe uifungue nakala hiyo kwenye kompyuta nyingine uone kama inasomeka. Nimewahi kuona miaka saba ya picha za harusi ikiondoka kwa kubonyeza "Endelea". Aliyebonyeza alikuwa na haraka ya kuwahi gari la mwisho.

Ofisi za mashirika zina swali lao: mkaguzi akija, au mfadhili, akauliza leseni iko wapi, tumwonyeshe nini? Swali zuri. Sheria ya Hakimiliki na Haki Shirikishi ya Uganda ya mwaka 2006 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu, na programu huria nazo zina mwenyewe. Ametoa ruhusa tu kwa maandishi. Maandishi hayo unayo tayari. Kwenye Debian, Ubuntu na Mint fungua kabrasha la /usr/share/common-licenses, utakuta GPL na nyingine zimekaa zinakungoja. Chapa GPL-2 na GPL-3, zitie kwenye faili la karatasi pamoja na orodha ya mashine, namba zake, na toleo la mfumo lililomo katika kila moja. Mkaguzi anayeona karatasi yenye kichwa, tarehe na saini kwa kawaida hutulia. Anayetaka zaidi mweleze kwa lugha rahisi: hii inaruhusu kutumia, kunakili na kubadilisha, na tukiigawa kwa wengine tuwape na haki zilezile. Ya FreeBSD ni fupi zaidi, inataka tu jina la mwenyewe na tangazo lake visifutwe.

Risiti ya laptopu iwe na namba ya mashine, ile iliyobandikwa chini yake, na kwa duka lililosajiliwa kulipa VAT dai risiti ya kielektroniki ya EFRIS. Risiti ya fundi itengwe. Yule kijana wa Bwera mwishowe alifanya hivyo. Alinunua laptopu ya GB 4, akaomba Mint, na fundi wa hapohapo Bwera, si wa lile duka, akamwandikia kwa mkono: kusimika, kuhamisha mafaili, kufundisha saa mbili. Kwenye mstari wa leseni aliandika sifuri, akaipigia duara. Flashi iliyotumika kusimika, kijana alibaki nayo mwenyewe, ndani ya bahasha pamoja na nenosiri la msimamizi, na nadhani mpaka sasa imeshasimika mashine tano za mtaa wake.